Bega la Kushoto la Wilda Arbogast

Wilda Arbogast alikuwa na miaka sitini na sita alipoamua kuhamishia bunduki yake bega la kushoto, na hakuomba ruhusa ya mtu. Daktari wa macho kule Elkins alikuwa amemwambia, kwa sauti ya upole ambayo Wilda hakuipenda hata kidogo, kwamba jicho la kulia limekwisha kazi. Pembeni litaona, katikati halitaona tena. Wilda alimsikiliza, akamshukuru, akashuka hadi kwenye gari lake. Alipoketi alifumba lile jicho bovu, akanyoosha kidole gumba na kukilengesha kwenye kofia ya mzee mmoja aliyekuwa akivuka barabara. Jicho la kushoto lilikuwa zima kabisa. Basi, akasema moyoni, tutalenga na hili.

Waliomjua hawakushangaa. Mwanamke huyu aliendesha basi la shule katika milima ile kwa miaka thelathini na moja, kwenye theluji, barafu na matope, na hata siku moja hakuliingiza mtaroni. Kilichowashtua ni kwamba alitangaza neno lake kanisani, baada ya ibada, watu wakiwa na sahani mikononi: Oktoba atasimama kituo cha nne kama kawaida yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Oktoba, kikosi cha zimamoto cha bonde la Stony Lick huandaa shindano la biskuti. Biskuti zenyewe ni zile nyembamba za chumvi, za kulia supu. Kumi huchomekwa kwenye ufa wa ubao, hatua hamsini kutoka kwa mpigaji, mbele ya ukingo mrefu wa udongo, na mpigaji hupewa dakika mbili. Risasi apige atakazo. Vituo ni vinane tu, na kila kituo kina mwenyewe. Mwenye kituo hukaa nacho mpaka kufa kwake, mradi kila mwaka avunje biskuti sita. Akivunja tano, amekwenda na maji, na jina la kwanza katika orodha ya wanaosubiri linaingia mahali pake. Katika orodha hiyo kuna watu walioandikishwa na baba zao kabla hawajaota meno. Kituo cha nne kilikuwa cha baba yake Wilda, kisha kikawa chake, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kushuka chini ya nane.

Mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi walikuwa nao wengine, na aliyewashinda wote ni wifi yake, Orpha, mke wa kaka yake Okey. Orpha ndiye aliyeongoza jiko siku ya shindano, maharage na mkate wa mahindi kwa watu mia tatu. Mwezi wa nane alifika kwa Wilda na kifurushi, akakifungua mezani bila kukaa. Ndani mlikuwa na aproni nene ya kitambaa cha bluu, na kifuani imedariziwa WILDA kwa uzi mwekundu.

"Nimekushonea mwenyewe," Orpha akasema.

"Nzuri. Ya nini?"

"Ya jikoni, wifi. Ukishamaliza mambo yako ya pale mstarini."

"Mambo yangu hayajaisha."

"Sijasema yameisha. Nimesema yakiisha." Orpha akavuta kiti, akakaa. "Naogopa kukuona ukiaibika mbele ya kaunti nzima, ndiyo hivyo. Na huko jikoni nimechoka. Yule mke wa mchungaji anatia sukari kwenye maharage yangu. Nikimwambia, ananiombea."

"Kwa hiyo unanitaka nije nigombane naye."

"Wewe unajua kugombana. Mimi najua kupika tu."

Wilda alicheka, lakini aproni hakuipokea. "Kaa nayo. Nikivunja tano, nitaivaa siku hiyohiyo, watu wakiona. Nikivunja sita unanipa nifutie gari."

"Umesema mwenyewe, wifi."

"Nimesema."

Kusema hakukumsumbua Wilda. Kilichomsumbua ni bunduki. Ile aliyoizoea ilikuwa ya kukoki kwa mkono: ukipiga, unavuta komeo nyuma, ganda linatoka, unalisukuma komeo mbele, risasi nyingine inaingia. Na komeo liko upande wa kulia. Kwa bega la kulia ni kufumba na kufumbua. Kwa bega la kushoto, mkono unavuka juu ya bunduki, unaivuta, shabaha inapotea, unaanza upya kutafuta biskuti iko wapi. Wilda alijaribu mara nne nyuma ya ghala la Okey, na mara ya nne dakika mbili zilimwishia akiwa na biskuti tatu. Iliuma. Aliirudisha bunduki kwenye mfuko wake, akamwambia kaka yake anataka inayojipakia yenyewe, ile ndogo ya risasi nyembamba za ishirini na mbili ambayo kila nyumba bondeni inayo.

Angetangaza kwamba anatafuta mchumba, asingepata ushauri mwingi namna ile. Maana bondeni kuna madhehebu mawili ya bunduki hizi. Kuna watu wa bomba: risasi kumi na nne zinapangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba jembamba lililolala chini ya mtutu. Na kuna watu wa magazini: kisanduku cha risasi kumi kinachomekwa tumboni mwa bunduki, zikiisha kinachomolewa na kingine kinaingia. Watu hawa wanaoana, wanazikana, wanakatiana kuni wakati wa baridi, ila kwenye jambo hili hakuna anayemsikiliza mwenzake. Okey alikuwa mtu wa bomba tangu utotoni. Denzil Nestor, jirani wa Wilda, mtunza majengo wa shule, alikuwa mtu wa magazini. Jumamosi moja ya katikati ya Septemba wote wawili walikuja nyuma ya ghala, kila mmoja na bunduki yake, ili Wilda ajaribu na kuchagua.

Bunduki ya Okey ilitoka garini ikiwa na vumbi, mabua ya nyasi na utando wa buibui kwenye mkanda. Ya Denzil ilitoka ndani ya foronya iliyopigwa pasi.

"Okey," Denzil akasema, "hiyo umekuwa ukilimia?"

"Inapiga. Yako imetoka saluni?"

Denzil alitabasamu tu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye kucha safi, ambaye ukimwazima ngazi anairudisha imeoshwa. Mama yake alimlea hivyo, na mama yake naye alilelewa hivyo: kitu chako hakiingii mkononi mwa jirani kikiwa kichafu. Watu wazima bondeni bado wanashika desturi hiyo, isipokuwa Okey.

Wilda alianza na ya bomba. Alichomoa ufito wa shaba unaosukuma risasi ndani ya bomba, akadondosha risasi mojamoja kwenye tundu, akaurudisha. Bega la kushoto lilikuwa geni, shavu halikujua pa kukaa, lakini jicho lilijua. Alipiga tano kwenye karatasi, na zote tano biskuti moja ingezifunika. Okey akasafisha koo kwa fahari. Risasi ya sita ganda liliruka kulia, kama maganda yote yanavyoruka, likagonga ubao wa ghala, likarudi na kuingia ndani ya kola ya Wilda. Lilikuwa la moto. Wilda hakuitupa bunduki. Aliifunga isipige, akailaza mezani, mdomo ukitazama ukingo wa udongo, kisha ndipo akaanza kuruka na kujipapasa mgongoni.

"Hiyo ngoma ya kwenu wapi?" Okey akauliza.

"Ya kwetu ni ya kwenu. Niletee taulo."

Alijifunga taulo shingoni, akachukua ya Denzil. Ilikuwa nyepesi, kitako kifupi, ikamkaa begani kana kwamba imepimwa kwake. Alipiga kumi. Walipoiendea karatasi, Okey alicheka mpaka akashika magoti. Matundu yalikuwa yametawanyika upana wa sahani nzima.

"Hiyo inapanda mbegu," akasema. "Haichagui shimo."

Wilda alipiga kumi nyingine. Zilikuwa nafuu, ila biskuti ingeweza kupona katikati yake. Masikio ya Denzil yalikuwa mekundu. Aliangalia saa, akasema boiler ya kupasha shule joto inamngoja. "Endelea nayo tu, Bi Wilda. Jioni nitaipitia. Samahani sana." Akaondoka kichwa chini, na Wilda alimwonea huruma, kwa sababu hakuna aibu mbaya kama ya kitu ulichokisifia wewe mwenyewe.

Okey aliona mambo yamekwisha, akaanza kukusanya vitu. Wilda hakusogea. Alichomeka magazini ya tatu, akapiga kumi polepole, akaenda mwenyewe kuleta karatasi. Kisha alizipanga karatasi tatu mezani kwa mfuatano wake. Ya kwanza sahani. Ya pili kisosi. Ya tatu, tundu moja lenye kingo zilizochanika, ambalo kidole gumba chake kililiziba.

"Umeizoea," Okey akasema.

"Nimeizoea kwa risasi thelathini? Lete yako." Akapiga tano za bomba. Zilikuwa sawasawa na zile za kwanza, wala si bora. "Unaona? Mimi sijabadilika. Iliyobadilika ni hii."

Aliifungua bunduki ya Denzil, akahakikisha haina kitu, akainusa. Harufu ya dawa ya kusafishia ilikuwa bado imo. Hapo alielewa kila kitu, na alijilaumu kwa kuchelewa. Risasi hizi ndogo zimepakwa nta. Mtutu hupiga vizuri ukishajipaka nta hiyo na masizi yake. Ukiusugua ukabaki chuma kitupu, risasi za mwanzo zinakwenda zinakotaka, mpaka mtutu ujipake tena. Denzil, kwa adabu zake, alikuwa ameusugua usiku kucha.

"Yangu haijaona brashi tangu Orpha ana nywele nyeusi," Okey akasema taratibu.

"Ndiyo maana inapiga. Uvivu wako umekufaa."

"Basi chukua yangu. Zote zinapiga, na hii ni yetu. Baba alikuwa mtu wa bomba."

Wilda aliketi na saa ya mkononi, akajaza bomba mara mbili. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, na kile kitundu kilikuwa kidogo. Mara ya kwanza sekunde arobaini na tano, mara ya pili arobaini, na risasi mbili nyasini. Kisha akabadilisha magazini. Sekunde nne. Kuzijaza magazini ni kazi ya kuumiza kidole, hilo alilijua, lakini hiyo ataifanya nyumbani kwenye kiti chake, mbele ya televisheni, bila mtu kumshikia saa.

"Baba alikuwa na vidole vizima," akasema. "Nachukua ya Denzil."

Okey alinuna kwa siku mbili, muda wake wa kawaida.

Jumatatu Wilda alivuka ua, akamwambia Denzil anataka ile bunduki, na kwamba badala yake atampa mashine yake ya kuondolea theluji, ile ambayo Denzil alikuwa akiitazama kwa jicho la husuda kila Januari. Denzil alisimama mlangoni. "Na ilivyopiga vile, Bi Wilda?" akauliza. Hapo ndipo ilipobidi Wilda amwambie kwamba bunduki haina kosa, kosa ni brashi. Alifungua mdomo. Lakini uso wa Denzil ulikuwa umechanua kwa furaha, na kumwambia mtu kwamba adabu aliyofunzwa na mama yake ndiyo iliyomwaibisha mbele ya Okey si jambo la kulisema mlangoni. "Inanikaa begani," Wilda akasema, akaishia hapo. Ndilo kosa alilolifanya yeye, na alilifanya akiwa na akili zake timamu.

Wiki tatu alipiga kila alasiri, na taulo shingoni. Alivunja sita, kisha nane, kisha nane, siku moja tisa. Shavu likajua pa kukaa. Kitu kimoja tu kilibaki: kifungo cha kuifunga bunduki isipige kilikuwa kimewekwa kwa mtu wa mkono wa kulia, na yeye alikuwa akikitafuta kwa kupapasa. Denzil aliagiza cha mkono wa kushoto. Jumatano kabla ya shindano kikafika kwa posta, naye akaja kuichukua bunduki akabadilishe. "Jumamosi nitakukabidhi palepale uwanjani," akasema. "Ikiwa tayari kabisa."

Wilda alimwitikia. Alikuwa anaunguza mboga.

Jumamosi ukungu uliondoka mapema. Kufikia saa nne uwanja nyuma ya jengo la zimamoto ulikuwa umejaa viti vya kukunja, na harufu ya maharage ilikuwa imefika barabarani. Denzil alikuja amekumbatia foronya yake, nywele zimechanwa, akamkabidhi Wilda bunduki kwa mikono miwili.

"Kifungo kiko kushoto sasa. Na nimeisafisha mpaka ndani kabisa, Bi Wilda. Nimekaa nayo siku tatu. Tazama mtutu."

Wilda aliifungua, akatazama. Mtutu uling'aa ndani kama kikombe cha ushirika. Aliogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari. Kituo cha baba yake, miaka ishirini na sita, na chuma kitupu mkononi. Na kanuni ya Stony Lick anayoijua kila mtu: hakuna risasi inayopigwa uwanjani kabla ya zamu yako, kwa sababu nyuma kuna kanisa na kando kuna nyumba.

Denzil alikuwa bado anamtazama, akingoja.

"Asante, Denzil," Wilda akasema. "Umefanya kazi safi."

Okey, aliyekuwa ameona yote, alimvuta pembeni. "Yangu iko garini," akanong'ona. "Chafu vilevile. Chukua, dada. Risasi kumi na nne kwa biskuti sita. Hakuna atakayekuuliza."

Lilikuwa wazo la maana, na Wilda alilipima. Lakini kwa wiki tatu bega lake lilikuwa limejifunza kitako kimoja, na jicho lake jipya lilikuwa limejifunza shabaha moja. Ile ya Okey ilikuwa imerekebishwa kwa jicho la Okey. Tena atakayeuliza yupo, amesimama pale na foronya mikononi. Angemwona akienda mstarini na bunduki nyingine, na bonde zima lingemwona akimwona. Wilda alipapasa mfuko wake. Magazini tano, zote zimejaa. Risasi hamsini. Dakika mbili.

"Hapana," akasema. "Hesabu inatosha."

"Hesabu gani?"

"Kaa utazame."

Woga ulikuwa umemtoka. Alipoinua mkono kujifunga taulo ndipo akakumbuka limebaki kwenye kamba ya nguo nyumbani, na kituo cha nne kina ubao wa kutenganisha upande wa kulia, wa kurudisha kila ganda shingoni mwake. Wakati uleule Orpha alikuwa akija kutoka jikoni, uso umemkunjamana, aproni mkononi.

"Nimeileta, wifi. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu ulisema."

"Nipe," Wilda akasema.

Orpha alishtuka. "Hujapiga bado."

"Nipe hivyohivyo."

Aliivaa mbele ya watu mia tatu. Mkanda wa shingoni aliufupisha mpaka kifua cha aproni kikapanda juu ya kola, kikamgusa kidevu, na ncha mbili akazifunga mafundo nyuma ya shingo. Lile jina jekundu lilikuwa karibu na mdomo wake. Minong'ono ilipita vitini. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba angalau amejisalimisha kwa heshima. Wilda alitembea hadi kituo cha nne, akazipanga magazini tano mezani, akachomeka ya kwanza. Lester, msimamizi wa mstari, alimwangalia, akaangalia aproni, akainua filimbi.

Filimbi ililia, na Wilda akalenga udongo.

Alikuwa amechagua bonge moja jeusi chini ya ubao, mbali na biskuti zote, akalipiga kumi bila kupumzika. Vumbi liliruka kulia, kushoto, juu, chini. Bonge halikuguswa. Biskuti kumi zilikaa kimya kwenye ufa wao. Alichomoa, akachomeka, akapiga kumi nyingine. Mtu alicheka nyuma, kisha akanyamazishwa. "Maskini, haoni," mwanamke mmoja akasema. Denzil alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani kama mtu aliye msibani. Orpha alikuwa analia waziwazi, kwa sababu sasa lile jambo aliloliogopa tangu mwezi wa nane lilikuwa linatokea mbele yake, na yeye ndiye aliyeleta aproni. Okey peke yake alikuwa anahesabu kwa vidole, na midomo yake ilianza kutabasamu.

Magazini ya tatu. Maganda yalikuwa yanagonga ubao na kurudi, yanadunda kwenye kitambaa cha bluu na kuteremka mfukoni mwa aproni. Risasi ya ishirini na tatu ililigusa bonge pembeni. Ya ishirini na sita ikalipiga katikati. Ya ishirini na nane, ya ishirini na tisa na ya thelathini zikapita mahali pamoja, na bonge likapasuka.

"Sekunde hamsini zimebaki," Lester akasema, kwa huruma.

Wilda alichomeka magazini ya nne, akapumua, akahamia biskuti. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Uwanja ulikuwa bado haujaelewa ilipovunjika ya tatu. Alikosa ya nne, akairudia, ikaenda. Akakosa mara mbili. Ya tano. Akakosa tena mara mbili, na mara komeo likasimama wazi, magazini imekwisha, na watu sasa walikuwa wamesimama juu ya viti vyao.

"Kumi na tano."

Magazini ya mwisho ilikataa kuingia. Vidole vilikuwa vimekaza. Aliirudisha nyuma, akaisukuma kwa kiganja, ikalia. Watu walikuwa wamehesabu biskuti tano, na tano ni kituo cha mtu mwingine. Alipiga, akakosa. Ganda moja lilimpiga shavuni, likamchoma, na hakupepesa. Akapiga tena. Ya sita ikawa unga. Alikuwa na sekunde tatu za ziada, na kwa kuwa ni Wilda, akazitumia. Ya saba ikavunjika pamoja na filimbi.

Alichomoa magazini, akaacha komeo wazi, akailaza bunduki na kurudi nyuma hatua moja kama anavyotakiwa kufanya.

"Kituo cha nne," Lester akasoma, akakohoa. "Saba. Kinabaki na mwenyewe."

Kelele zilipotulia, Denzil alikuja, bado kofia mkononi. "Bi Wilda, zile thelathini za kwanza. Zilikuwa za nini?"

Sasa hapakuwa na mlango wa kujifichia. Wilda alimshika mkono, akamwambia yote, ya Septemba na ya leo: nta, brashi, chuma kitupu. Masikio ya Denzil yalianza kuwaka palepale.

"Kwa hiyo nilitaka kukupokonya kituo. Mara mbili."

"Mimi ndiye niliyenyamaza. Ungejua, usingefanya. Bunduki yako ni nzuri, Denzil, ndiyo maana nimeichagua. Ila wewe na brashi yako msiisogelee tena mpaka mnizike."

Denzil alifikiri. "Kwa nje je? Nikiipangusa kwa nje?"

"Kwa nje ruksa," Wilda akasema, na Denzil alitabasamu kama mtu aliyesamehewa deni.

Orpha alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamevimba, mwiko bado mkononi. Alinyoosha mkono mwingine. "Umeniua mara tatu leo. Lete aproni, nikakutafutie tambara lingine la kufutia gari."

Wilda alitazama chini, kwenye lile jina jekundu. Aliingiza mkono mfukoni, akachota maganda yaliyokuwa bado na joto, akayaweka kiganjani mwa Okey. Kisha aliulegeza mkanda wa shingoni, akaishusha aproni mahali pake na kuifunga vizuri kiunoni.

"Ina jina langu," akasema. "Twende jikoni. Nionyeshe huyo mwenye sukari."